Kikao cha Makuti

Siku yangu ya kwanza kazini, Mhandisi wa Mji pale Malindi alinipa utepe wa kupimia akaniambia, "Kijana, kazi yako ni kuona nyumba haimwangukii mwenyewe. Mengine yote ni makaratasi." Nilikuwa nimetoka nyumbani, mtaa wa Shella hapo hapo Malindi, kwa miguu, shati nimelipiga pasi mpaka mikunjo inasimama, na maneno yale niliyashika vivyo hivyo yalivyo. Mpaka nastaafu sikuambiwa jingine lenye maana zaidi katika kazi ile. Nawaandikia haya nyinyi mnaoingia afisi za majengo sasa, na mkiona nakaripia, nistahimilieni. Sijapoa, na sidhani nitapoa.

Mkaguzi wa majengo zama zetu hakuwa mtu wa kukaa kitini. Mwenye kutaka kujenga alileta ramani, ramani ikipita akapewa kibali, na kibali kikishatoka mimi ndiye wa kufuata hatua kwa hatua: msingi kabla haujafukiwa, kuta kabla hazijapigwa lipu, paa kabla watu hawajahamia. Nyumba za mawe nilifundishwa na Mhandisi. Nyumba za udongo nilifundishwa na mafundi wenyewe, wengi wao Wagiriama kutoka bara, na walinicheka sana kabla ya kunifundisha.

Nyumba ya udongo huanza na boriti za mkoko, kisha fito hufungwa kwa kamba, kisha udongo hukandikwa mpaka ukuta ukaziba. Juu hupanda makombamoyo, ndiyo miti mirefu inayobeba paa, na juu yake makuti ya viungo, yaani yale yaliyoshonwa safu kwa safu kwenye ufito. Likiezekwa na mjuzi, paa hilo halivuji na chini yake mtu analala bila kutokwa jasho. Lakini makuti huchakaa. Kila baada ya miaka michache sharti yaezuliwe, yaani yateremshwe, na mapya yapandishwe kabla ya masika. Ukichelewa, mvua inaingia kwenye udongo, na udongo ukilowa, ukuta unakwenda. Hilo kila mtoto wa pwani analijua.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilihamishwa, nikapelekwa mji mmoja mdogo kati ya Malindi na Kilifi. Jina lake nitalihifadhi, kwa sababu watoto wa wahusika wako hai na hawakunikosea kitu. Mkubwa wangu huko alikuwa Karani wa Mji, mtu nadhifu, mpenda manukato, mwenye kusema "tutaangalia" kwa kila jambo asilotaka kuliangalia. Nyumba za serikali hazikuwako, kwa hivyo nilipanga chumba cha uani kwa mjane mmoja, Bi. Mwanamkuu.

Bi. Mwanamkuu asili yake ni visiwa vya kaskazini, aliletwa na mume, mume akafa akamwachia nyumba. Aliishi kwa kushona kofia. Asubuhi nikitoka nampa shikamoo, ananijibu, "Marahaba mwanangu, na hao unaokwenda kuwakagua, wasalimie, usiwaingilie kama askari." Ulimi alikuwa nao! Nikirudi nimechelewa hunigombeza, kisha hunipakulia wali. Miaka niliyokaa pale sikuwahi kujihisi mpangaji.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Nyumba ilikuwa ya Bi. Mwanamkuu, ardhi haikuwa yake. Ndivyo ilivyo kwetu pwani, nyumba ya huyu, ardhi ya yule. Unamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi, unasimamisha nyumba yako, na sharti kubwa la mwenye kiwanja ni kwamba usijenge kwa jiwe wala usimwage simenti. Udongo na makuti, basi. Anaogopa ukishajenga nyumba ya kudumu hutatoka tena. Nyumba yako ikisimama, pale ni pako. Siku ikianguka, kiwanja kimerudi kwa mwenyewe, na huna pa kushtakia. Yule bibi alikuwa hana kingine duniani ila ile nyumba kusimama.

Basi siku moja Karani akaniita akanionyesha kanuni mpya za vibali zilizopendekezwa. Ndani ya mipaka ya mji hakuna tena paa la makuti. Nyumba yote iwe ya mawe, msingi wa simenti, paa la bati au vigae. Na kuezeka upya kuhesabiwe ni kujenga upya, kwa hivyo anayebadilisha makuti aombe kibali kama anayeanza msingi. Nikasoma, nikarudia kusoma. Chini kabisa kulikuwa na kifungu kinachosema majengo ya kitalii yamesamehewa.

"Bwana Karani," nikamwambia, "huyu mwenye nyumba ya udongo hawezi kuweka makuti kwa sababu ya kanuni, na hawezi kuweka jiwe kwa sababu ya mwenye kiwanja. Afanye nini?"

"Makuti yanashika moto," akanijibu.

"Na ya mahotelini?"

"Tutaangalia."

Sikatai, makuti yanashika moto. Nimeona mtaa mzima ukiteketea na watu wakilia barabarani na magodoro vichwani. Lakini nilikuwa nimetoka juzi tu Bofa, ufuoni Kilifi, nimesimama chini ya paa la hoteli kubwa kuliko msikiti wetu wa Ijumaa, makuti matupu toka juu mpaka upenuni, na chini yake wazungu wanachomewa samaki. Hilo halikuwa hatari. Hatari ni kijungu cha Bi. Mwanamkuu jikoni! Wallahi mpaka leo nikilikumbuka nasikia kichwa kinagonga.

Sheria ilitaka wananchi waulizwe kwanza. Kikaitishwa kikao katika darasa la shule ya msingi, na kutoka Mombasa akaletwa Bwana Afisa wa kusikiliza maoni. Watu walijaa mpaka madirishani. Wazee mbele na kofia zao, wanawake nyuma na mabuibui yao, mafundi wa makuti wamesimama mlangoni mikono kifuani. Mimi niliwekwa upande wa meza ya wakubwa. Nilipomnong'oneza Karani kwamba nina la kusema juu ya viwanja, alinikata kwa jicho. "Wewe ni mtu wa afisi. Husemi."

Bwana Afisa alikuwa mpole. Nasema hivi kwa haki. Alieleza kanuni kwa Kiswahili chake cha bara, akasema waziwazi, "Atakayekuwa na pingamizi aseme hapa hapa, maana yatakayosemwa hapa ndiyo nitakayoyapeleka." Akauliza, nani ana pingamizi?

Kimya. Nikatazama wale wazee. Nawajua, jana yake tu barazani walikuwa wakifoka mpaka kahawa inamwagika. Sasa wametulia wameinamisha vichwa kana kwamba wako hotubani.

Aliyesimama ni Bi. Mwanamkuu. Alitoka nyuma kwa wanawake akasema kwa sauti ya juu, "Bwana Afisa, karibu kwetu. Nataka kuuliza, makuti ya mzungu hayashiki moto?"

Darasa likaripuka kwa kicheko. Hata Bwana Afisa alitabasamu, akachukua kalamu. Bibi akaendelea, "La pili, na hili ndilo kubwa. Mimi kiwanja si changu, na mwenyewe..."

"Mamangu, keti." Aliyesema ni Mwalimu Athmani, mzee wa mtaa, mtu aliyesomesha Kurani nusu ya mji. Hakusema kwa ubaya. Aligeuka nyuma akainua mkono taratibu. "Keti, mamangu. Mgeni huyu. Tutaonana naye."

Na wanawake waliokuwa karibu wakamvuta buibui, keti, Bi. Mwanamkuu, keti, usitutie aibu. Akawatazama, akanitazama mimi kule mezani, akaketi. Bwana Afisa akangoja kidogo, akauliza mara ya pili kama kuna pingamizi. Hakuna. Akashukuru kwa ukarimu. Wakamletea maji ya madafu.

Vijana, hapa ndipo penyewe. Kwetu sisi mgeni hatahayarishwi mbele za watu. Mwenye neno zito na mkubwa humfuata faraghani, kahawa ikamiminwa, hali ikaulizwa, ndipo neno likateremshwa pole pole ili mkubwa aweze kugeuka bila kuvunjiwa heshima. Ndivyo walivyosema na maliwali, ndivyo walivyosema na mababu zetu wao kwa wao. Wale wazee hawakuwa waoga. Waliamini kile kikao ni karamu ya kumpokea mgeni, na mazungumzo yenyewe ni kesho. Alipowaambia aseme mtu hapa hapa, walidhani ni maneno ya kufungulia mkutano.

Kesho yake baada ya alasiri wakaenda, Mwalimu Athmani mbele, kwenye nyumba ya wageni alikofikia. Nilikuwako, maana Karani alinituma kumpelekea ramani za mji. Mwalimu alisema vizuri, sijapata kusikia mtu akisema vizuri vile. Alieleza habari ya kodi ya ardhi, ya mwenye kiwanja, ya jiwe lisiloruhusiwa, ya nyumba ikianguka mtu anakuwa hana haki. Hakubakisha kitu.

Bwana Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wazee wangu, kwa nini hamkusema jana? Niliuliza mara mbili. Kikao kimefungwa."

"Bwana," akasema Mwalimu, "jana ulikuwa mgeni wetu."

"Na leo je?"

Na yule bwana, ambaye kumbe angeweza, alikuwa na kalamu, alikuwa na karatasi, alikuwa na wazee saba wa heshima mbele yake wanamwambia ukweli mtupu, aliangalia saa. Laiti angetukana! Mtu akikutukana unajua umsimamie wapi. Huyu alitupa mkono mmoja mmoja, akatutakia mchana mwema.

Kanuni zikapita. Masika yanakaribia, makuti ya Bi. Mwanamkuu yameoza, nikilala naziona nyota. Akanunua makuti mapya kama kawaida, akaita majirani. Asubuhi fundi yuko juu ya kombamoyo, wanawake wako uani na masufuria, vicheko, kama kila mara watu wanapoezekeana. Paa likakamilika siku hiyo hiyo. Siku ya pili Karani akaniita.

"Nyumba unayokaa imeezekwa bila kibali. Chukua vibarua ukaezue."

"Simtoi yule mama paa," nikamwambia. "Mkubwa wangu wa kwanza alinituma kuona nyumba haimwangukii mwenyewe. Wewe unanituma nikaiangushe."

"Unakataa kazi?"

"Nakataa uhuni."

Sikupata kumwambia mkubwa neno kama lile, wala sijutii. Kabla ya wiki kwisha nimehamishwa Adu, huko Magarini mashambani, ambako hakuna mtu wa kuomba kibali wala wa kukitoa. Nilipewa meza isiyo na droo nikaambiwa ningoje kazi. Nikawa natazama watu wakipalilia mahindi yao, nami nameza mate ya uchungu. Wakamtuma mwingine kwa Bi. Mwanamkuu. Makuti mapya yakateremshwa yakatupwa njiani, na mvua haikungoja. Ukuta wa mbele ulianza kuteremka, kisha wa chumba changu cha uani. Mwakilishi wa mwenye kiwanja alikuja na seng'enge udongo ungali mbichi. Hakuvunja sheria yoyote, na hilo ndilo linalonichoma. Hakuna hata mmoja katika wale aliyevunja sheria.

Nilihudumu Adu, kisha Kilifi, chini ya wahandisi wazuri na wabaya, na nimestaafu kwa mkono wa kwaheri wenye hotuba nyingi. Siku hizi nimerudi Shella. Kila nikipita ufuoni naona mapaa ya makuti ya mahoteli, makubwa, mazuri, yameshonwa na akina mama wasioruhusiwa kulala chini yake, na nasema ovyo peke yangu njiani, wajukuu wananionea haya. Na wanionee. Adabu ni kitu kizuri na nimelelewa nayo, lakini nimeona imemla mtu. Mkiitwa kikaoni mkaulizwa, semeni hapo hapo, mgeni atahayari, kahawa itafuata. Na nyinyi mtakaokaa upande wa meza, mkiona watu wote kimya, msiandike kwamba wameridhika. Waulizeni wanamwogopa nani, au wanamstahi nani.

Bi. Mwanamkuu alichukuliwa na dada yake, Takaungu. Nilipohamia Kilifi nilikuwa nikimzuru. Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, kofia ameshindwa kushona kwa sababu ya macho. Nikampa shikamoo, akaitikia, tukazungumza ya mji. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikujua kwamba miaka yote ile hakuna aliyepata kumwambia.

"Wale wazee walipomwendea yule bwana faraghani, walimwambia nini?"

Nikamwambia. Habari ya kiwanja, ya jiwe, ya mwenye ardhi, ya nyumba ikianguka.

Akapapasa ukingo wa shuka.

"Hayo hayo?"

"Hayo hayo, Bi."

"Basi si wangeniacha nimalize," akasema.