Kichwa cha Kupimia Mashine

Kila Jumatatu asubuhi, kabla mtoto yeyote hajaingia, Mama Kipimo alivua hereni, akajilaza ndani ya mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, na kuambiwa asikohoe. Jina hilo walimpachika hapo hapo kazini. Daktari alikuwa akichunguza jinsi ubongo wa watoto unavyokua na njia za neva zinavyoungana, na uchunguzi huo ulitaka mashine isiyodanganya. Basi wakaijaribu kwa kichwa kimoja, kile kile, miaka tisa. Picha ikitoka safi, mashine iko sawa, kazi ianze. Kichwa chenyewe nani ahangaike nacho? Jamani, si cha mtu mzima wa afya!

Akitoka humo alikaa mezani kuchora kwa rangi njia za neva za watoto, moja baada ya nyingine. Mkono wake ulikuwa hodari, naye aliuringia waziwazi. Lakini mwaka huu mkono huo wa kulia ulianza ukaidi. Mistari ilipinda. Vikombe viwili vilimponyoka nyumbani, mumewe akamtania, "Mke wangu, vyombo vimekukosea nini?" Alicheka naye, ila moyoni aliingiwa na hofu. Bila mkono ule, pale kazini angekuwa nani?

Siku moja Daktari akaja na rundo la picha, uso umemkunjamana.

"Mama, mashine inatuangusha. Nimepanga picha zako za miaka yote. Tazama njia hii ya upande wa kushoto, inayoshuka kuongoza mkono wa kulia. Mwaka juzi nene, mwaka jana nyembamba, sasa kama uzi."

"Imezeeka kama mimi," akasema Mama Kipimo, huku akiuficha mkono chini ya meza.

Fundi wa mashine akaitwa. Siku mbili nzima alifungua mifuniko, akapima, akafunga, akafungua tena.

"Daktari, mashine yako haina neno. Sijakuta hata skrubu iliyolegea."

"Haina neno vipi, na picha ndiyo hizi?"

Loo, fundi alipandwa na hasira! Akatoa funguo mfukoni, akavua saa na mkanda. "Haya, nilaze mimi!"

Mama Kipimo akakaa mbele ya skrini. Picha ya fundi ilipokamilika, njia ya kushoto ilishuka nene, imejaa, bila pengo, mpaka chini.

"Afadhali! Imepona!" Daktari akapiga makofi.

Mama Kipimo akavuta kibodi. Alitaka kufungua picha yake ya Jumatatu, kidole cha kulia kikagoma kubonyeza. Akaurudisha mkono huo chini ya meza, akatumia wa kushoto, akaziweka picha mbili sambamba.

"Fundi hajarekebisha chochote, Daktari. Mashine ni ile ile."

Makofi yakakoma. Daktari aliinama, akatazama picha moja, akatazama ya pili, akarudia ya kwanza.

"Kila Jumatatu umekuwa ukiitazama picha hii," akasema Mama Kipimo.

"Nilikuwa natazama mashine, mama."

Mama Kipimo akautoa mkono wake wa kulia chini ya meza, akauweka mbele ya Daktari, vidole vikichezacheza vyenyewe.

"Basi leo nitazame mimi."