Madoadoa ya Bwana

Hata leo nikipita pa parking ya Mubi nainamisha kichwa, kwani taximen wa pikipiki wa pale bado wananiita "Docta wa Samaki", na mimi ni muntu mwenye hata kujibu "présent" mu classe sauti inanikauka, basi hii aibu naiandika hapa mu kaye yangu, labda ikilala ku karatasi mimi nitapumua.

Niko na miaka kumi na sita. Kwetu ni Kalembe, lakini nasomea Mubi, option biochimie (microscope hatujaiona kwa macho, ila tumeichora vizuri sana). Nakaa kwa tantine Riziki, dada ya mama, mwenye iko na malewa kando ya barabara, fasi wachauffeur na taximen wanakula. Mule ndani, ku kona, kuko aquarium, sanduku ya vioo na samaki mbili za rangi ya orange. Bwana ya tantine, marehemu Papa Deo, njo alizileta toka Goma, akapakata bidon ya maji njia yote mu fuso kama muntu anapakata mutoto muchanga. Akaziita Bwana na Bibi, kwa kuchekesha tu, kwani hakuna mwenye alijua kama ni dume na jike kweli. Kila asubuhi alikuwa anaangalia mu majani ya ndani kama zimetaga mayai. Akakufa bila kuona hata moja, na ile kazi ya kuangalia ikabakia kwangu.

Sasa, siku moja ya soko, asubuhi, nikaona Bwana iko na tudoadoa tweupe ku mashavu, kama muntu mwenye alipuliziwa unga ya muhogo, na anafukuza Bibi toka kona mpaka kona, anamupiga kichwa mu tumbo, Bibi anakimbilia mu majani. Tantine akaacha kutwanga sombe, majani ya muhogo, akakuja na mutwangio mu mukono.

"Esta, mwanangu, iko na ugonjwa gani? Si wewe njo wa biochimie?"

Neno lenye lilitakiwa kutoka mu kinywa yangu lilikuwa moja tu: sijue. Lakini wachauffeur wawili walikuwa pale na chai yao, wanangojea na wao, na tantine alikuwa amenishika mukono, akasema polepole: "Huyu njo kitu ya Papa Deo yenye ingali inapumua." Basi nikafungua kinywa, na ikatoka kwa Kifaransa kabisa: "C'est la maladie des points blancs." (Ugonjwa ya madoa meupe: niliisoma siku moja mu telefone ya mwenzangu wa classe, mistari tatu, kisha méga za internet zikaisha.)

Wachauffeur wakafanya "Hooo!" Ile hooo njo ilinipoteza.

Nikatoa Bwana na Bibi, nikawatia mu beseni. Nikaona majani ya ndani yamejaa tuchembe tudogo tunang'aa kama jasho, tumekwama ku kila jani. Mayai ya samaki mimi niliyajua mu tumbo ya tilapia, ya manjano, yameshikamana kama bugali ya mahindi, basi nikamuambia tantine na sauti ya muganga: "Ona, microbe yenyewe njo hii." (Microbe ya kuonekana na macho! Mwalimu wangu akisoma hapa atanirudisha ku primaire.) Nikang'oa majani yote, nikayatupa nyuma ya jikoni pamoja na maji, nikasugua vioo, nikachota maji ya source, ya chemchemi, nikatia chumvi, kisha, juu kwetu kidonda yote, ya jembe, ya moto, ya meno ya imbwa, unafungua gélule ya tétra, ile dawa ya antibiotique, na kumwaga poda yake juu, na mimi nikafungua tatu nikamwaga. Maji ikakuwa manjano kama Fanta. Nikarudisha samaki ndani. Nilijisikia vizuri, siwezi kudanganya.

Saa sita malewa ikajaa. Tantine kila sahani alikuwa anaiweka na habari yangu: "Mutoto wangu anatunza samaki, kesho atatunza na batu!" Taximan moja, Fiston, mwenye sauti kama klaxon ya gari, akaniita toka mbali na kichwa ya tilapia mu mukono.

"Docta! Ile ugonjwa iko na dalili gani?"

"Madoadoa ku ngozi," nikajibu, naangalia viatu yangu.

"Na inaambukiza?"

"Inaambukiza sana."

(Nilitaka kusema samaki kwa samaki. Nilikuwa na ile phrase yote mu kichwa, haya ikaikata katikati.)

Mukono ya Fiston ikasimama hewani. Siku hizi kwetu, ukitia madoadoa na kuambukiza mu phrase moja, hakuna mwenye anakungojea umalize, juu affiche za Mpox ziko ku kila ukuta na ndoo ya kunawa mikono ku kila mulango. Akaweka ile kichwa ya samaki chini polepole. "Jamani," akasema, "banatulisha Mpox!"

Mbele niinue macho, benchi tatu zilikuwa zimepinduka, mama moja anasugua midomo na majivu, mwingine anapita dirishani na sahani (sahani yetu!), na pikipiki za taximen zikatawanya ile habari mpaka mwisho ya soko. Infirmier, muuguzi wa centre de santé, akakuja anakimbia, gants ku mikono na masque ku uso. "Mugonjwa iko wapi?" Watu wote wakanionyesha mimi, na mimi nikaonyesha aquarium. Ndani ya ile Fanta, Bwana alikuwa analala upande, kinywa ku hewa, anahema. Tantine akapiga kilio cha matanga.

Kati ya wenye walikuwa wanakula, moja tu hakukimbia: Papa Bahati, mulimaji wa Bihambwe mwenye siku hizi anafuga samaki za karpe mu étang, kiziwa yake, nyuma ya Mubi. Alimaliza samaki yake, akalamba vidole, akasimama.

"Mubatie samaki mu maji safi kwanza, kisha mutalia."

Tukawatia mu beseni. Akainama, akaangalia mashavu ya Bwana muda murefu.

"Wewe mutoto, nani alikuambia huyu anagonjwa?"

"Madoadoa, Papa."

"Hata karpe zangu dume zinatokaka nayo, wakati ya kuzaa ikifika. Alikuwa anafukuza bibi yake?"

"Ndiyo, Papa."

"Anamusukuma tumbo, kule ku majani?"

Nikaitika na kichwa, mbele ya infirmier, mbele ya Fiston, mbele ya dirisha yenye kujaa vichwa.

"Basi huyu alikuwa mu mambo ya ndoa yake, na wewe ukamumwagia tétra!"

Mubi yote ikacheka. Infirmier akavua masque ili acheke vizuri. Nikatamani kuingia chini ya meza, na kama ingeishia pale, leo ningekuwa nacheka na mimi. Lakini Papa Bahati alikuwa angali anatafuta kitu mu aquarium, na hakucheka tena.

"Majani iko wapi? Mayai inakwamaka ku majani. Ni tuchembe tudogo, tunang'aa kama jasho."

Tantine alikuwa amekwisha kuelewa kabla yangu. Tukakimbia nyuma ya jikoni: kuku sita, zinadonoa, na ku majani kumebakia vijiti tu. Tantine akapiga magoti mu matope na kitenge yake ya soko, akageuza kijiti moja moja, na mimi nikageuza. Hakuna. Hakunipiga. Ningependa anipige. Alisema tu: "Deo aliyangojea miaka yote ile. Na yalikuja leo."

Bwana na Bibi hawakufa. Papa Bahati alituletea majani mapya toka ku étang yake, na ile siku tantine alinisamehe na kinywa; na roho, sikumuuliza.

Juzi asubuhi tudoadoa tukarudi. Tantine akakuja na mutwangio. Wachauffeur wakageuka, hata Fiston akaacha kutafuna.

"Esta, iko na nini?"

"Sijue, Tantine. Naenda kumuita Papa Bahati."

Lakini mbele nitoke, nilifunga kuku kwanza.