Mnene Asiye na Damu

Ukuta wa jiko letu ulianza kuliwa nikiwa na mimba ya miezi minne. Ulikuwa ukuta wa udongo, uliokandikwa na mama mkwe wangu kwa mikono yake. Karibu na mafiga, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa, palitokea kishimo, na kishimo kikazidi kukua. Mama mkwe alikikagua mara mbili kwa siku.

"Hizi ni kuku zako," aliniambia.

"Kuku zangu ni mbili tu, Mama, na zinashinda nje."

"Basi ni panya."

"Huenda ni panya," nilisema. Chini ya ulimi nilikuwa na kipande cha ukuta huo kikiyeyuka polepole.

Kijiji chetu kiko upande wa Butiama, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kiabakari. Ilikuwa miaka ile ya foleni, sabuni na sukari zikigawiwa kwa orodha katika duka la kijiji. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifundisha kwa vitabu vilivyochakaa mikononi mwa wengine. Nilikuwa nikifundisha watu wazima kusoma, na kwa sababu ya mwandiko wangu walinifanya katibu wa kamati ya zahanati. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Nilikuwa mnene, mnene sana. Katika miaka ile unene ulikuwa ushahidi wa magendo. Mume wangu alipopita njiani na mkoba wake, watu waliutazama mkoba, kisha wakanitazama mimi. Ndani ya mkoba mlikuwa na nguo chafu na, akibahatika, kipande cha sabuni. Tulikula ugali wa muhogo na mlenda, asubuhi na jioni. Samaki wa ziwani tuliwaona wakipita barabarani kwenda kuuzwa. Mwili wangu ulijengwa na muhogo na kukaa kitako mbele ya ubao, lakini hakuna aliyeamini kwamba muhogo unaweza kumnenepesha mtu hivyo bila siri.

Dawa za zahanati zilikuja kutoka Musoma katika sanduku, mara moja kwa mwezi. Vidonge vya kuongeza damu havikuwatosha wajawazito wote. Kwenye kamati kila mjumbe alimtetea mkwe wake, mpaka nikatoa pendekezo. Nilichukua kamba ya katani, nikaizungusha kwenye mkono wa juu wa nesi, ambaye alikuwa wa wastani, nikafunga fundo. Mjamzito ambaye mkono wake ungepita fundo angesubiri, na vidonge vingeenda kwa waliokonda. Walinipigia makofi. Nilijivunia kanuni isiyojua mkwe wala shangazi. Hata nesi hakupinga, kwa maana sote tuliamini jambo moja: mtu mnene ana damu.

Muda si mrefu na mimi nikawa kwenye foleni ile ile.

"Katibu, leta mkono!" mwanamke mmoja aliita kutoka nyuma. "Au kamba ya wakubwa ni nyingine?"

"Ya kwake itabidi iungwe mbili," mwingine akasema, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Nilitoa mkono. Ncha ya kamba haikukutana na fundo, hata kukaribiana. Nesi aliikunja kamba akanipigapiga begani. "Wewe, mwenzetu, una damu ya watu wawili." Nikaandika jina langu kwenye daftari, na pembeni yake nikaandika: asubiri.

Nilisubiri. Moyo ulinidunda nilipobeba ndoo. Nilipopanda kilima cha zahanati nilisimama mara tatu, nikijifanya natengeneza khanga. Nilijiambia ni uzito. Hamu ya udongo sikuwa na maelezo yake, kwa hiyo niliificha.

Kisha kopo la vidonge likaanza kwisha kabla ya daftari kusema limekwisha. Daftari lilikuwa langu, ufunguo wa kabati ulikuwa wa nesi. Nilianza kumtazama mikono, naye alianza kunitazama yangu. Tulisalimiana vizuri kila asubuhi huku kila mmoja akichungulia mfuko wa mwenzake. Kwenye kikao, mjumbe mmoja mzee, aliyewahi kuwa mlinzi mgodini, alisema polepole, "Mimi sina elimu. Ila naona kopo linapungua, na katibu anaongezeka." Walicheka. Mwenyekiti hakucheka, nami nikajua watakuja.

Walikuja Jumamosi asubuhi: mwenyekiti, mlinzi yule wa zamani, na mkunga mzee wa kijiji, aliyeletwa ili mwanamke awepo wakati chumba cha mwanamke kikipekuliwa. Mwenyekiti alikaa akaulizia habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, usitufikirie vibaya. Tunataka tu kuondoa maneno."

"Ondoeni," nilisema.

Mlinzi alivuta kapu kutoka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na khanga kuukuu iliyofungwa fundo gumu. Aliipima mkononi. "Nzito hii! Hivi ni vidonge vya wilaya nzima."

Akaifungua. Vikadondoka vibonge vya udongo: vya kichuguu, vyekundu vya mtoni, na vingine vyenye vipande vya nyasi za kukandikia.

"Ukuta wangu!" mama mkwe alipiga kelele mlangoni. "Panya mwenyewe ndiye huyu!"

Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Mwenyekiti alitazama paa. Nilitamani kuingia ardhini, na wala sikuwa na pa kujificha na mwili ule. Mkunga hakucheka. Alinishika kidevu, akanisogeza mlangoni penye jua, akavuta kope langu la chini kwa kidole gumba.

"Hamna damu hapa," alisema. "Njooni muone. Peupe kabisa."

"Mama, na unene wote huu?" mwenyekiti aliuliza.

"Kwani ng'ombe aliyevimba tumbo naye utasema amenona? Mimi walaji wa udongo niliwaonaga wengi. Huyu mkimwacha azalie hapa, mtamzika."

Wiki hiyo hiyo nesi alikiri kwamba wanawake waliotembea kutoka Bugwema aliwapa vidonge vya miezi miwili kwa mara moja, bila kuandika, kwa kuwahurumia miguu. Hakukuwa na mwizi. Lakini bila tuhuma ile, nisingefunguliwa lile kapu.

Nilikwenda Musoma juu ya lori la pamba. Hospitalini mpimaji alinitazama kuanzia miguu hadi kichwa akauliza nani alinituma. Alinitoboa kidole, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, akalilinganisha na kadi yenye rangi nyekundu za ngazi mbalimbali. Akanitoboa kidole kingine, kwa sababu hakuliamini tone la kwanza. Nilipewa vidonge, nikakaa kwa wifi yangu mjini mpaka siku zilipotimia. Nilipojifungua nilitokwa na damu nyingi, na mume wangu akaitwa kutoka Bunda kunitolea ya kwake. Vidonge nilivyokuwa nimemeza, daktari alisema, ndivyo vilivyonifikisha mpaka damu hiyo ikapatikana.

Mtoto alikuwa wa kiume, mzito, mwenye mashavu. Nilipouliza kama naye atapimwa, muuguzi alicheka. "Mama, mashavu haya unataka yaongezwe nini?" Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia, kwa hiyo sikuyaamini. Baadaye sana nilisoma kwamba mwili wenye mafuta mengi huwa na uvimbe wa ndani usiouma, unaozuia madini ya chuma yasiingie vizuri katika damu, na kwamba mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata kwa mama yake tu. Wakati ule sikuwa na elimu hiyo. Nilikuwa na shaka tu.

Kijijini walimsifu. Hakuwa akilia, alilala sana. "Mtoto mpole," mama mkwe alisema. Alipofikisha miezi sita nilimpeleka kwa mkunga, akavuta kope lile dogo. Akanisogeza nami nione: peupe. Kesho yake nilikuwa Musoma, na safari hii sikuondoka kwenye benchi mpaka walipomtoboa kisigino. Damu yake ilikuwa imepungua. Dawa ya maji hospitali haikuwa nayo, waliniandikia nikanunue.

Ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imeanza. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa betri, vitenge na dawa, vyote rafu moja. Watu walisema kuna vidonge vya chokaa tupu. Chupa niliyopewa ilikuwa na maandishi ya lugha nisiyoijua, na kizibo chake kilizunguka kirahisi mno.

"Hii imefunguliwa," nilimwambia muuza duka.

"Dada, ukiishuku iache. Wanaoitaka ni wengi."

Niliichukua, kwa sababu nyingine haikuwepo. Nyumbani niliionja mimi kwanza. Ilikuwa na ladha ya msumari, lakini hata maji yenye kutu yana ladha hiyo. Nilingoja mpaka kesho yake. Nilipoona sijadhurika, nikampa mtoto kwa kijiko kama nilivyoelekezwa. Daktari alikuwa ameniambia alama moja: ikiwa ni chuma kweli, choo cha mtoto kitakuwa cheusi.

Siku ya kwanza nilifungua nepi, kilikuwa cha manjano. Siku ya pili, manjano. Sikulaza shaka yangu, nilimpa tena kwa saa ile ile na kijiko kile kile. Siku ya tatu asubuhi nilifungua nepi nikaibeba mpaka nje, juani, nikaigeuza huku na huku.

"Mama!" niliita. "Mama, njoo uone!"

Mama mkwe alikuja mbio, akachungulia, akanitazama usoni. "Umeniita nije nitazame mavi?"

"Ni meusi, Mama."

"Naona ni meusi. Sasa unalia nini?"