Paa la Nyumba ya Mukwe

Siku moja, mwanangu, inanirudia kila nikiona mutu anafunua chungu cha wenyewe ili achungulie. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Vita vyao vikubwa vilikuwa vimekwisha, na mujomba wangu Lukali alikuwa amerudi kutoka Abisinia na mguu mmoja usiokunjika. Tulikaa kando ya barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, upande wa Wamaza. Mimi nilikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, na seremala tayari. Shule niliiacha mapema, na hakuna aliyenifundisha kushika randa. Niliiba kazi kwa macho. Nasema hivyo bila haya. Meza nyingi unazoziona huku ni za mkono huu.

Lakini mkono huu ulikuwa na ugonjwa: haukujua kutulia. Nikikaa kula, unachonga kijiti. Nikisikiliza mutu, unakwangua ukuta. Mujomba alipotusimulia vita, kilima hiki, mto ule, nani alizunguka kushoto, sikuweza kukaa na maneno matupu. Nikatengeneza meza ya vita.

Nilichukua mbao pana, nikazungushia ukingo ili udongo usimwagike. Vilima nilivijenga kwa udongo wa kichuguu. Vya kwanza vikapasuka. Nikabomoa, nikachanganya majivu, nikajenga tena. Mto ulikuwa mkebe wa samaki niliougonga kwa nyundo mpaka ukalala na kung'aa. Barabara, vumbi jekundu la barabara yenyewe. Askari niliwachonga kwa miti ya muhogo: wa serikali nikawapaka vichwa vyekundu kwa sababu ya kofia zao, maadui nikawapaka masizi. Kijiti cha tete kilipima risasi inafika wapi. Tulirusha vipande vya kibuyu. Kikianguka kifudifudi askari amekufa, kikilala chali amepona.

Mwenzangu katika mchezo alikuwa Ramazani, kaka yake Zaina. Na Zaina ndiye binti ambaye wazee wangu walikuwa wamekwisha kumuomba. Mbuzi walikwenda, majembe yalikwenda, ilibaki siku ya kumleta tu. Ramazani alipigana kwa mdomo kuliko kwa mkono. "Shemeji, askari wako wanakimbia kama kuku walioona mwewe! Wape pombe basi!"

Tukachoka na Abisinia. Siku ya mvua nikamwambia, leo tuweke kijiji chenu. Akacheka, akakubali. Nikajenga kilima chao, kisima, shamba la pamba ambalo serikali ilimlazimisha kila mutu kulima, na katikati nyumba ya baba yake, mukwe wangu. Jina lake mpaka leo silitaji.

Nyumba ilinipa shida. Askari wakiingia ndani utawaonaje? Nikafanya paa la nyasi la kuondoka. Nilipoliondoa, ndani kulikuwa kutupu, na utupu ule ukaniwasha kama upupu. Nikamuuliza Ramazani kitanda cha wazee kiko upande gani. Akaniambia. Chungu cha maji? Akaniambia. Sanduku la mama? Akaniambia. Vyote nikavitengeneza. Kitanda nikakitandika kipande cha kitambaa, nikapendezwa sana.

Wewe uliyezaliwa juzi hujui uzito wa jambo hili. Kwetu muoaji haingii chumba cha wakwe zake. Mama mukwe akija njiani, unaingia majanini apite. Watu wa pwani wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa mukwe, hapana. Kwa mukwe mlango unakutosha. Haya yote niliyajua tangu utoto, lakini mkono uliniambia: ni udongo tu.

Mukwe wangu alikuja asubuhi moja kupanga siku ya kumleta binti yake. Alitukuta katikati ya vita. Askari wangu walikuwa wameiteka nyumba, Ramazani amefunua paa, na kichwa-chekundu wangu mmoja amesimama juu ya kitanda.

Mzee alitambua kwanza kilima, akatabasamu. "Hapa iko kwangu?" Akainama. Akaona chungu, akaona sanduku, akaona kitanda. Alimtoa yule askari kwa vidole viwili, kama mutu anayetoa mdudu kwenye chakula, akamlaza ukingoni mwa meza. Akarudisha paa taratibu. Kisha akasema na mwanawe, mimi hakunitazama.

"Mwambie rafiki yako akuje kuchukua mbuzi zake."

Rafiki yako. Umesikia, mwanangu? Si shemeji yako tena.

Siku zilizofuata sikuwa mutu. Nilipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba kama jani. Nilikwenda mpaka kwenye kijito chao, nikageuka. Nikataka kupanda lori niende machimbo ya dhahabu, nisirudi. Mujomba Lukali akanikuta nafunga kitita.

"Weye unazunguka kama mbwa aliyemeza mufupa. Kaa."

Nikakaa. Akakaa naye, mguu wake ule umenyooka mbele.

"Nilikuambia vilima vya Abisinia, nilikuambia mito. Nyumba, nilikuambia?"

"Hapana, mujomba."

"Mizinga ilifunua paa. Unapita, kitu cha kwanza unaona ni kitanda cha mutu. Na mwenyewe iko nje, anakuangalia weye unavyokiona. Mimi nilikuwa na bunduki, niliamrishwa. Weye, nani alikuamrisha?"

"Mujomba, ni udongo tu."

"Na aibu ya yule mzee, haya yake, nayo ni udongo?"

Nikainuka kukimbilia kwa mukwe kuomba msamaha, akanishika shati. "Mbio tena! Mbio ndizo zimekufikisha hapa." Akaenda yeye, na mguu wake, kuwa mdomo wangu. Akarudi na hukumu: jogoo mweupe, na mlango mpya wa chumba cha wakwe, niutengeneze na kuupachika mwenyewe, nikiwa nje.

Mwanangu, jaribu kupachika mlango bila kutazama ndani. Mlango ulikataa. Ulikwama chini, ukafunguka juu. Bawaba zilitaka mutu wa ndani, akaingia Ramazani kuzishika, na mimi nje nikamuongoza kwa sauti huku nimeangalia ardhi. "Panda kidogo. Hapana, shuka." Mukwe alisimama kando yangu, na hakutazama mikono yangu hata kidogo. Alitazama macho yangu. Jasho lilinitoka, mkono ukitaka kuingia kumnyang'anya Ramazani nyundo, mimi nikiuzuia. Kazi ngumu kuliko ile sijawahi kuifanya.

Mwisho mlango ukakubali. Mzee akaingia, akaufunga, akasukuma, akavuta. Nikangoja nje. Halafu sauti yake ikatoka ndani:

"Mukwe, rudi kwenu. Umwambie mama yako atwange unga."

Zaina akaja, ndiye bibi yenu aliyewazaa baba zenu. Meza sikuichoma. Mchezo haukuwa na kosa, na vilima vile nilivipenda. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kila kitu mkono unachoweza kutengeneza, umeruhusiwa kukitengeneza. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe si kata ya kila mtungi. Buni, jenga, cheza, mimi sikukatazi. Ila ukifika penye haya ya mutu, acha pabaki tupu, hata kama utupu unakuwasha. Na ukiisha kukosa, usikimbie wala usikimbilie. Tuma mwenye umri akutangulie, nawe ufuate na kazi mkononi.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na macho yanayojua kuinama. Wakwe wakuite kwa jina la undugu, na watoto wako walale chini ya paa lisilofunuliwa na mutu. Amina.