Kufuata Tembele la Mama, Ulaya hadi Kidete

Hapa Iringa nimekula matembele, majani ya viazi vitamu, ya kila namna: ya sokoni, ya jirani, hata ya mgahawa mmoja wanakoyachemsha mpaka yanasahau rangi yake. Yote yalikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba hayakuwa ya mama. Mama alikuwa na tembele lake nyuma ya nyumba, kijijini kwetu, lenye shina la zambarau na majani membamba yenye ncha. Aliyachuma asubuhi, akayaanika kwenye ungo yanyauke kidogo, jioni akayapika kwa karanga.

Mama hayupo tena. Nilipoolewa nilibeba marando yake, vile vipande vya shina tunavyopanda, nayo yakashika vizuri. Kisha tukahamia nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji, yakafa yote. Mwaka huu mimi na mume wangu tumepata kiwanja chetu, na kabla choo hakijaezekwa nilishajua pale dirishani nitapanda nini. Nikampigia simu mama mdogo Tatu, mdogo wake mama, anayeishi kwenye nyumba ileile.

"Njoo uchukue, mwanangu," akasema. "Tuta la mama yako lipo, nalitunza."

Kijiji chetu kinaitwa Ulaya, kiko wilaya ya Kilosa. Kila nikiaga kwamba naenda Ulaya, kuna mtu wa Iringa ataniuliza kama nimepata viza. Safari hii nao hawakuniacha.

Basi liliondoka Iringa asubuhi na baridi yake. Tulipomaliza kushuka mlima wa Kitonga nilivua sweta, na kufika Mikumi nilikuwa najipepea kwa leso. Pembeni yangu walikaa vijana waliokuwa wakienda mbugani kutazama wanyama. Wakaniuliza mimi nafuata nini, nikawaambia mboga. Walicheka kwa adabu, wakanipa biskuti.

Kutoka Mikumi nilipanda gari dogo linalokwenda Kilosa. Barabara ile naijua kwa mgongo. Ilikuwa siku ya gulio, na tulipokaribia Ulaya tuliwapita watu wa baiskeli wakiwa na magunia ya mahindi, wengine wakirudi na ndoo mpya zilizofungwa nyuma. Harufu ya vumbi lile ilikuwa ileile. Nilimkumbuka mama alivyokuwa akisimama kituoni saa nyingi kabla ya gari, eti lisije likawahi.

Safari hii aliyesimama ni mama mdogo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Rukia wangu. Umekonda! Iringa hamli?"

Hata maji hakunipa kwanza. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Tuta lilikuwa palepale, limepaliliwa, limewekwa samadi na majivu. Pembeni lilikuwepo fungu la marando, tayari limefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na mwanamke akiondoka na mbegu ya mboga basi amepewa heshima yote.

Lakini nilichokiona hakikuwa tembele la mama. Majani yalikuwa madogo, yamejikunja, yamepauka, mishipa yake imekuwa ya njano. Mashina yalikuwa mafupi, yamedumaa. Mama mdogo alikuwa akiliona kila siku, na kitu kinachobadilika kidogo kidogo mbele ya macho yako hukioni.

"Mama mdogo, haya yanaumwa," nikasema.

"Ardhi tu imechoka. Nimeongeza samadi."

"Nikiyapeleka kwangu yatakwenda na ugonjwa."

Akaniachia mkono. "Nimelipalilia hili tangu tumzike dada yangu, kwa ajili yako. Leo umekuja kuniambia hulitaki?"

Akalibeba fungu, akaliweka mlangoni. Usiku ule tulikula mimi na yeye, na lile fungu lilikaa palepale kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Kesho yake asubuhi nilimwita bwana shamba wa kata, kijana mpole aliyekuja na pikipiki. Alimwamkia mama mdogo kwa heshima, akachuchumaa, akageuza majani. Chini yake waliruka inzi weupe, wadogo kuliko punje ya unga.

"Hivi ni virusi, mama," akasema. "Inzi hawa wanafyonza utomvu wa shina linaloumwa, wanakwenda kufyonza lililo zima, wanaliambukiza. Vidukari nao hivyo hivyo. Dawa ya kuliponya shina lenyewe hakuna, wala samadi haisaidii."

"Kwa hiyo tunakula sumu?"

"Hapana, mtu hadhuriki. Inayoumwa ni mboga. Ila ukikata rando hapa ukapanda kwingine, umeupanda na ugonjwa."

Mama mdogo akakaa juu ya kinu. Kisha akaanza kutuhesabia majirani kwa vidole. Siku ya arobaini ya mama, wanawake wote waliokuja kusoma dua aliwakatia kila mmoja fungu la tembele la marehemu, wamkumbuke. Tuta lilipobaki na mapengo, wao wakamrudishia marando ya kwao ayazibe, kila mmoja ya kwake. Wakaendelea hivyo msimu baada ya msimu, huyu akipungukiwa yule anampa. Bwana shamba hakuhitaji kueleza zaidi. Ugonjwa ulikuwa umetembea nyumba kwa nyumba, umefungwa kwa kamba ya mgomba, pamoja na pole na asante.

"Basi limekwisha," mama mdogo akasema, na machozi yakamtoka. Mimi pia nililia. Nilikuwa nimekuja na kikapu na hamu yangu yote, na tuta la mama lilikuwa la kung'olewa.

Mchana, tukiwa tunachambua mchele, mama mdogo aliacha ungo ghafla. "Bi Mwanaidi," akasema. Bi Mwanaidi alikuwa shoga wa mama tangu usichana. Alihamia Kidete kwa mumewe, na alichukua marando kwa mama mwenyewe, kabla hata hajaanza kuugua. Mume alishafariki, lakini yeye alibaki hukohuko.

Siku iliyofuata tulikwenda sote wawili hadi Kilosa mjini, tukalala kwa ndugu. Treni ya zamani ilichelewa kama desturi yake, ikaja jua limeshatoka. Reli inafuata Mto Mkondoa, milima imeibana huku na huku, na mama mdogo, ambaye alikuwa hajapanda treni kwa miaka, alishika ukingo wa dirisha njia nzima. Mimi nilikuwa nikitazama bustani za pembezoni mwa mto, na kila kijani kilinipa moyo na kuninyang'anya.

Kidete tuliuliza njia, tukatembea, tukaonyeshwa nyumba iliyojitenga juu ya stesheni, nyuma yake kichaka tu. Bi Mwanaidi alimkumbatia mama mdogo mpaka mtandio ukaanguka. Mimi alinitazama kwanza.

"Huyu ana paji la mamake," akasema.

Tembele lilikuwa karibu na bafu la nje, mahali maji yanapomwagika. Lilikuwa kipande kidogo sana, kwa maana mbuzi walikuwa wameliingilia. Lakini majani yalikuwa marefu kiasi chake, membamba yenye ncha, ya kijani cha kung'aa, na shina lilikuwa la zambarau. Nilipiga magoti pale kwenye tope na gauni langu la safari.

"Bibi, umelitunzaje?" nikauliza.

"Sikulitunza. Hapa sina jirani wa kumpa wala wa kunipa. Nakula peke yangu, nakata kidogo, linaota tena." Kisha akasema, "Mamako alikuwa akisema atakuja tulipike pamoja."

Upweke wake ndio uliolikinga. Jambo hilo lilinichoma, maana sisi wenye watu wengi ndio tuliolipoteza. Tulilipika siku hiyo kidogo tu, kwa karanga, na ladha ilikuwa yenyewe. Niliacha tonge mkononi, nikalia mbele yao bila aibu. Bi Mwanaidi alitukatia mashina machache, akajibakizia yake.

Tuliporudi Ulaya tuling'oa tuta lote, tukalichoma. Majirani walikuja kutazama, na baada ya kumsikiliza bwana shamba wawili kati yao walikwenda kung'oa ya kwao. Marando ya Kidete tuliyapanda kwenye ndoo kuukuu yenye udongo mpya, tukaifunika kwa chandarua, kingo tukazikandamiza kwa mawe inzi wasipenye. Bwana shamba alituonya: shina linaweza kuonekana zima kumbe limebeba virusi. Tusubiri lichipue, tuyaone majani mapya, liongezeke, ndipo ligawiwe.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa nimekubali yote hayo. Lakini nilipoona mashina yamesimama ndani ya chandarua, nilishindwa.

"Nipe moja tu, mama mdogo. Nitalichunga."

Akaenda kusimama mbele ya ndoo. "Viazi vya jirani yako Iringa vikoje?"

Ilibidi niseme kweli, majani yake yana njano.

"Basi sikupi," akasema. Mikono yake haikujua ikae wapi. Katika maisha yake hakuwahi kumnyima mtu mbegu, sembuse mtoto wa dada yake. Alinisindikiza kituoni akiwa hana fungu, mimi nikiwa na kikapu kitupu, na tulipoagana alinishika viganja vyote viwili hadi gari lilipopiga honi.

Nilipita Mikumi nikiwa nimekipakata kikapu kile. Nilichojifunza ni kwamba kumpenda mtu kunaweza kuwa kumnyima, na kwamba mimi nimekuwa mtu mzima kabisa kabla ya kufundishwa hilo na mama mdogo mbele ya ndoo.

Jana nilinunua chandarua sokoni. Mume wangu akauliza mbu wametokea wapi na baridi hii ya Iringa. Nikamwambia si cha mbu, kuna mgeni namsubiri kutoka nyumbani.