Makala Tano Nilizozikataa

Nimefundisha somo la biashara hapa Voi miaka mingi, na karibu miaka yote hiyo niliwatuma wanafunzi maktabani huku mwenyewe sikanyagi. Kila mara mkutubi alipotuandalia mafunzo ya kutumia majarida ya mtandaoni ambayo chuo hulipia, sikukosa udhuru: leo mkutano, kesho jino. Ukweli ni kwamba sikujua hata pa kuanzia, na niliona haya kuuliza.

Muhula mmoja mwanafunzi wangu, mama wa makamo kutoka Sagalla, aliandika mradi kuhusu wauza maji wa kwao: nani huuziwa mtungi kwa kuaminiwa tu, nani hunyimwa, na kwa nini. Uliandikwa vizuri mno, na hapo ndipo nilipoingiwa na shaka. Mwishoni alitaja makala tano. Nilizitafuta kwenye simu yangu huku nikinywa chai, nisione hata moja. Nikaandika kwa wino mwekundu: vyanzo vya kubuni. Nikampa sifuri. Sifuri ile ilimaanisha hatahitimu na wenzake, nami nilijua.

Alikuja ofisini, akasema kwa upole kwamba alizisoma pale pale maktabani. Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi, nikarudi kwenye karatasi zangu. Alisimama kidogo, akaaga, akaondoka. Kesho yake nililirudia neno hilo la mwongo darasani, bila kumtaja mtu, na kila mtu akajua ni nani. Nilijiona mwalimu mkali, wa aina inayohitajika.

Wiki chache baadaye mkuu wa idara alichoshwa na udhuru wangu wa meno. Akaniambia nihudhurie mafunzo au nimwandikie sababu. Nikaenda nimenuna. Mkutubi, binti wa Wundanyi ambaye ningeweza kumzaa, aliomba mtu ampe mada ya kutafuta. Nikataka kumkomoa. Nikamwambia atafute kuaminiana katika biashara ndogo ya maji. Akaandika maneno machache kwenye majarida yale ya chuo, akabonyeza, na orodha ikatokea ukutani.

Makala ya kwanza niliitambua. Ya tatu pia. Akateremsha orodha, na zote tano zilikuwa pale, na majina ya waandishi vilevile kama yule mama alivyoyaandika. Wenzangu walikuwa wakinakili hatua za kufuata. Mimi masikio yalikuwa yakiniwaka moto kwa aibu. Wenzangu walipotoka nilibaki, nikamwomba binti yule anifundishe tangu mwanzo, naye akanifundisha bila kunicheka.

Alama ningeweza kuzibadilisha kimyakimya, na nakiri wazo hilo lilinijia. Lakini tusi nililitoa mbele za watu. Basi kipindi kilichofuata nikasimama mbele ya darasa.

"Mama, nilikukosea," nikamwambia. "Makala zako ni za kweli. Mimi ndiye niliyekuwa sijui kutafuta."

Yeye akafungua mkoba, akatoa karatasi zilizochapishwa, pembe zimekunjika, pambizo zimejaa mwandiko wake. Zilikuwa makala zote tano.

"Siku ile nilikuja nazo ofisini, mwalimu," akasema. "Nilingoja uniulize."