Nguo za Kwenda Melini na Mama Wanjeri

Siku barua ya meli ilipofika Ziwani, mjukuu wangu, naikumbuka vizuri kuliko siku niliyoolewa. Nimekuona tangu juzi ukipanga sanduku la safari yako ya meli na kulipangua, ukiuliza kila mtu kama gauni hili litafaa mezani na kama viatu vile vitaruhusiwa. Chakula huli. Nikasema moyoni, huyu lazima nimwambie. Sogeza hizo nguo uketi hapa. Wazazi wako sijawahi kuwaambia habari hii yote, na wameshakuwa watu wazima.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikikaa Kaloleni kwa baba yangu aliyefanya kazi reli. Shule niliiachia kidato cha pili. Nikapata kazi kwa mjane mmoja wa Ziwani, Mama Wanjeri, fundi wa nguo ambaye nusu ya maharusi wa mitaa ile walivaa magauni ya mikono yake. Kufikia wakati huo alikuwa amezeeka na presha imempata, ila cherehani hakuiacha. Mimi nilimpikia, nikamfulia, na juu ya yote nilimpa tembe zake: moja asubuhi, moja jioni. Daktari alikuwa ameniambia akinitazama usoni kwamba tembe hizo haziachwi ghafla hata siku moja. Nilimwitikia kwa kichwa. Hilo nalo nalikumbuka.

Mama Wanjeri alikuwa na binti mmoja, Nyambura, aliyeolewa ng'ambo. Huyo ndiye aliyetununulia safari. Alitaka mama yake apumzike siku kumi baharini, kutoka Mombasa kwenda Unguja, Komoro na Shelisheli, kisha kurudi, na mimi niende naye nimshike mkono kwenye ngazi. Ndani ya bahasha kulikuwa na tiketi mbili na karatasi moja ya Kiingereza kuhusu mavazi.

"Wewe umesoma," Mama Wanjeri akaniambia. "Niambie wanataka tuvae nini."

Nikaisoma. Mchana mtu avae nguo nyepesi za joto, na viatu visivyoteleza. Chumba cha kulia hakiingiwi na kaptura wala nguo za kuogelea. Mkishuka bandarini mfunike mabega na magoti, kwa heshima ya wenyeji. Mpaka hapo nilielewa. Halafu jioni nyingine zilitajwa kwa maneno mawili, nadhifu na kawaida, ambayo kila moja nililijua peke yake, lakini yakikaa pamoja sikujua yanataka nini. Na jioni ya tano, chakula cha nahodha, mavazi rasmi, tena neno hilo limepigiwa mstari.

"Umeelewa?" akauliza.

"Nimeelewa, Mama."

Sikuwa nimeelewa. Lakini ningesemaje, na yeye amenisifu kwamba nimesoma? Niliogopa atamchukua msichana mwingine.

Badala ya kumwambia ukweli nikaenda kwa Beatrice, binti ya shangazi yangu, aliyekuwa akipokea wageni kwenye hoteli moja mjini. Huyo nilimwona kama anajua dunia nzima. Akaipitisha macho ile karatasi, akacheka.

"Hapana cheza na hawa watu, Mwende," akasema. "Ukienda na hii sketi yako ya kanisa, mlangoni utarudishwa. Mbele ya kila mtu. Mimi nimeona mtu akirudishwa."

"Wanarudisha mtu kweli?"

"Wanamwita pembeni pole pole, lakini wote wanajua. Na huyo mama yako ataketi peke yake mezani."

Maneno hayo yaliniingia mwilini kama homa. Wiki mbili nzima nilijiona nikisimama kwenye mlango wa kioo, watu wameacha kula wananitazama. Nilikwenda soko la Gikomba mara nne. Nilifukua marundo ya mitumba mpaka wenye vibanda wakanichoka, nikapata gauni refu la kijani la kitambaa kinachong'aa, na viatu vyenye visigino virefu vilivyonibana kidole gumba. Nikanunua na sweta jeupe, kwa sababu Beatrice alisema ndani ya meli kuna baridi ya mashine za kupoza hewa. Kila nikifika nyumbani naona nimekosea. Baba akaniuliza mbona nakonda. Nikamwambia ni kazi.

Ukiogopa jambo moja kwa muda mrefu, mwanangu, macho yako hayaoni jingine.

Siku ya kuondoka nilipanga masanduku yote mawili pale Ziwani. La Mama Wanjeri lilichukua dakika chache: magauni matatu aliyojishonea, kanga mbili za kujitanda tukishuka, malapa na kitabu chake cha nyimbo. Langu nililipanga na kulipangua tangu asubuhi hadi saa nane. Mkebe wa tembe nilikuwa nimeuweka ndani mapema, chini kabisa. Kisha gauni la kijani likawa linakunjika vibaya, nikautoa mkebe ili nililaze vizuri, nikauweka dirishani nyuma ya pazia, nikisema nitautia kwenye mkoba. Halafu nikaanza kupigana na viatu.

Tukiwa mlangoni Mama Wanjeri akauliza, "Dawa umeweka?"

"Nimeweka, Mama."

Sikukagua. Nilikuwa nikiwaza kama gauni litafika limenyooka.

Tulipanda gari moshi, na asubuhi tukawa Mombasa. Pale bandarini, kwenye ukumbi wa kungojea, akaomba tembe yake. Nikafungua mkoba. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi nilichofungia tembe sita za njiani, na moja alikuwa ameinywa jioni garini. Nikampa moja, zikabaki nne. Nikainama kufungua sanduku, na kabla mkono haujafika chini nikaliona lile dirisha la Ziwani, pazia, na mkebe nyuma yake.

 Mama Wanjeri alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, mkoba mapajani, anaitazama meli kama mtoto. Meli ilikuwa iondoke saa kumi. Ilikuwa bado saa nne asubuhi. Nilikuwa na saa sita za kusema sentensi moja.

Sikuisema. Nilijiambia atakasirika, ataahirisha safari, Nyambura ataambiwa, nami nitarudi Kaloleni wote wanaulizana nimefanya nini. Nikafunga sanduku nikatabasamu.

Nikafanya hesabu ya mtu mjinga. Tembe nne nikizikata nusu zitanifikisha siku nne. Kwa hiyo kila asubuhi na kila jioni nilimpa nusu, nikimwekea mdomoni mwenyewe ili asiione, naye akifumbua mdomo bila kuuliza. Alikuwa ananiamini.

Siku ya pili tulishuka Unguja, tumejitanda kanga zetu. Tulipita mbele ya duka la dawa, mlango uko wazi, mwuzaji ameketi anapepea nzi. Jina la tembe sikulijua, nilijua rangi yake tu. Nilipunguza mwendo. Mama Wanjeri akaniuliza kama nimechoka. Nikasema jua ni kali, tukapita. Na melini kulikuwa na daktari, mlango wake una msalaba mwekundu, hatua kama ishirini kutoka chumba chetu. Kila nilipoupita niligeuza uso upande wa pili.

Siku ya tatu akaanza kulalamika kichwa, upande wa nyuma. Siku ya nne akasema anaona vimulimuli. Akataka tuketi chumbani, nami nikamfungulia feni, nikamkanda mabega. Usingizi sikuupata tena. Nilikuwa nasikiliza pumzi zake.

Siku ya tano asubuhi tembe zikaisha. Sasa nakuambia neno ambalo hata baba yako halijui. Katika mkoba nilikuwa na tembe za maumivu ya kichwa, nazo ni nyeupe kama zake. Jioni ile, kabla hatujavaa, nikampa moja ya hizo. Akasema, "Asante, msichana wangu," akanywa maji.

Jioni hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya chakula cha nahodha. Nikavaa gauni la kijani na vile viatu. Mama Wanjeri alivaa gauni lake la rangi ya zambarau, kola ameidarizi mwenyewe. Mlangoni alisimama mhudumu mwenye glavu nyeupe. Akatutazama, akainamisha kichwa, akatupisha. Mezani mwanamke mmoja alinikagua kutoka shingoni hadi viatuni, akamnong'oneza mumewe. Lile jambo nililoliogopa wiki mbili likawa limetokea, na halikuchukua muda wa kumeza mate.

Supu ilipoletwa, kijiko kikamponyoka Mama Wanjeri. Mkono wa kushoto uliteleza mezani kama si wake. Akanigeukia aniambie kitu, na mdomo ukaenda upande mmoja. Halikutoka neno, ilitoka sauti tu. Nilikuwa nimeshamdaka kabla hajaanguka.

Daktari alikuja mbio. Akapiga magoti, akampima, akaniuliza kwa Kiingereza, "Anatumia dawa gani? Alikunywa lini mara ya mwisho?"

Watu wote walikuwa wameacha kula, wananitazama. Ndivyo nilivyojiona katika ndoto zangu, nimesimama katikati ya macho ya watu. Nikasema yote, hapo hapo, kwa Kiingereza changu kibovu: mkebe, nusu, tembe ya kichwa. Daktari hakunigombeza. Alinitazama kidogo tu, na hata leo nikifumba macho namwona. Kisha akaita machela.

Walimtibu usiku na mchana mpaka Shelisheli, akalazwa huko majuma mawili. Mimi nililala sakafuni kando ya kitanda chake. Nyambura alikuja kwa ndege, na siku aliyosikia ukweli alitaka nipelekwe polisi. Sikumlaumu. Mama Wanjeri, ambaye maneno yalikuwa yameanza kumrudia kidogo kidogo, alitikisa kichwa mpaka binti yake akanyamaza.

Alipona, lakini mkono wa kushoto haukurudi. Fundi wa nguo, mwanangu. Mkono unaoshika kitambaa na kukiongoza chini ya sindano.

Miezi miwili baadaye, tuko Ziwani, alinikalisha karibu naye. Alikuwa bado anasema kwa kuvuta.

"Mombasa maduka ya dawa yako kila kona," akasema. "Na simu zipo. Tungempigia daktari wangu atutajie jina. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanirudisha nyumbani, Mama."

Akauinua mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, akaulaza mapajani. "Na ile karatasi ya mavazi, kweli uliielewa?"

"Sikuielewa."

"Hata mimi niliiogopa," akasema. "Nilishona ile zambarau nikaifumua mara tatu. Nilitaka kukuuliza kama itafaa, nikaona wewe unajua kila kitu, nikaona haya. Tulikuwa waoga wawili chumba kimoja, Mwende, na hakuna aliyemwambia mwenziwe."

Kisha akasema kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake: "Kusahau nimekusamehe. Kila mtu husahau. Lakini zile siku tano ulizonitazama naugua ukanyamaza, hizo utazibeba. Mimi siwezi kukutua."

Nikalia, naye akaniacha nilie. Nilikaa naye miaka saba baada ya hapo, nikimfunga vifungo kila asubuhi. Akanifundisha kushona, yeye akisema, mimi nikiwa mkono wake. Huko ndiko nilikopata kazi iliyomsomesha baba yako. Watu husema ni baraka. Labda. Mimi kila nilipomfunga kile kifungo cha juu niliona aibu.

Basi sikiliza. Hiyo meli yako itakuwa na taratibu zake. Chukua nguo nyepesi za mchana, moja ya heshima ya jioni, kitu cha kujifunika mkishuka, viatu unavyoweza kutembea navyo. Usichokielewa kwenye karatasi yao, wapigie uwaulize. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Ukiambiwa gauni halifai, utavaa jingine. Tangulia kuweka vile ambavyo mtu hawezi kukosa akaishi, uviweke kwa mkono wako, ukivigusa, kisha ndipo ujaze nguo. Ukiulizwa kama umeweka, nenda ukaangalie kabla hujajibu.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje upate maneno mazuri. Sema yakiwa mabaya hivyo hivyo, mdomo ukitetemeka. Kosa la asubuhi hurekebishika, ila ukilificha linakua huko ulikolificha, na anayeumia huwa ni mtu mwingine ambaye hakujua lolote. Woga sikukatazi. Mimi ni mzee na bado naogopa mambo mengi. Ninachokuomba ni kwamba ukiogopa, mwambie aliye karibu nawe. Huenda naye anaogopa hilo hilo.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie njiani na majini. Akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na mwepesi zaidi wa kusema nimekosa. Akuweke kati ya watu wasiocheka anayeuliza. Na wote utakaoondoka nao, urudi nao wakiwa wazima.